Vifungo Vinne vya Mzee Tatu

Sasa hivi mwanangu amepanda kiti changu, akaweka kidole kwenye picha iliyobandikwa ukutani juu ya kompyuta, akahesabu: mimi, mimi, mimi. Kisha akauliza Babu yuko wapi. Nimemwambia Babu yuko chumba cha pili anafunga vitu vyake, nikamshusha, nikakaa kuandika kabla machozi hayajanitangulia. Nimepewa ukurasa mmoja tu kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Tatu, huyo anayeitwa Babu, anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana wa kuosha filamu kwenye chumba cha giza, kile ambacho leo tunawekea miavuli ya taa za kupigia picha. Kompyuta zilipokuja wenzake walizikimbia. Yeye alisogeza kiti karibu.

Jina lake lilitokana na kazi. Hajawahi kupiga picha ya chumba mara moja akaridhika. Hupiga tatu, kamera ikiwa imetulia kwenye stendi: ya kwanza ya giza ili dirisha lisiungue kwa mwanga, ya pili ya kati, ya tatu ya mwanga mwingi hadi uvungu wa kitanda uonekane. Halafu huziunganisha ziwe moja. Watu wa kompyuta huiita HDR. Yeye husema tu kwamba mtu akiingia chumbani huona dirisha na kitanda kwa pamoja, sasa kamera inachagua kwa nini? Kwa picha hizo hoteli moja ya ghorofa nne imekuwa mteja wetu miaka tisa.

Mwaka jana macho yake yakaanza kufifia. Pazia la kijani aliliona kijivu, akabisha, akaliona tena kijivu. Daktari akamwambia aachane na kioo cha kompyuta. Na hapa ofisini hakuna mwingine aliyejua kuunganisha. Programu yake ilikuwa na menyu ndani ya menyu, naye aliijua kama mtu anavyoijua nyumba yake taa zikizimika. Hoteli ikauliza kama sasa itafute studio nyingine. Ikiondoka, kiti cha kwanza kuondoka nayo ni changu, mimi mkata picha za pasipoti niliyeacha shule kabla ya kumaliza. Mzee akasema: huyu atajifunza, mtafutieni programu ya saizi yake.

Wenzetu walitaka ile inayosifiwa sana. Mzee akawajibu kwamba sifa hazibonyezi kitufe. Akapakua tano za kujaribu. Kila asubuhi alinikalisha mbele ya picha zilezile tatu, akafumbata mikono isirukie kipanya, na kila nilipouliza swali aliangusha kifungo cha shati kikombeni. Programu ya kwanza ilikula vifungo ishirini na sita. Ya pili iliganda, ikaganda na kompyuta nzima. Ya tatu ilifanya anga ionekane kama imepakwa rangi ya kucha. Ya nne ilinisalimia vizuri, kisha ikanificha pa kuhifadhia. Ya tano ilipanga picha yenyewe hata kama stendi ilitikisika, ilikuwa na kitelezi kimoja cha kuongeza na kupunguza nguvu, na kitufe cha kukurudisha ulipoanzia. Hiyo ilikula vifungo vinne tu. Hii inasamehe, alisema Mzee, tuichukue.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu niliiharibu. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikaenda naye hotelini. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu alitoka kitandani akatembea hadi mlangoni, nami nilikuwa nimeinamia kamera. Nilipounganisha wakatokea watoto watatu weupe kama mvuke, na mimi, kwa haraka zangu, nikaituma bila kuikagua. Hoteli ikapiga simu kuuliza chumba chao kina mizimu tangu lini.

Nililia ndani ya chumba cha miavuli. Mzee akaja, akakaa juu ya ndoo, akanieleza kwamba yeye aliwahi kumtoa bosi wa zamani pichani akiwa na vichwa vitatu, naye akaituma picha hiyo. Akanionyesha kitufe cha kufuta chochote kilichosogea kati ya picha. Kisha akaichapisha ile picha na kuibandika ukutani. Hii usiisafishe, alisema.

Jumatatu nimefanya vyumba vya ghorofa ya pili, mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Nilimwomba Mzee atazame kabla sijatuma. Akasema miwani imepotea, nayo ilikuwa juu ya paji lake la uso. Jibu la hoteli bado hatujalipata. Anajifanya hangojei, lakini kile kikombe cha vifungo amekitia kwenye mizigo na kukitoa mara tatu.

Mzee wetu, asante kwa uvumilivu wako, na kwa kukaa juu ya ndoo. Tunakutakia maisha mema, macho yapone, na asubuhi zisizo na foleni ya wateja. Mwanangu ataendelea kukuita Babu. Nami naahidi kwamba kabla ya kutuma…

Samahani, dada wa mapokezi ananiita. Mwenye hoteli yuko kwenye simu, anamtaka fundi. Nimemjibu fundi yuko chumba cha pili anafunga mizigo. Dada anasema si huyo, anamtaka aliyefanya za Jumatatu, ghorofa ya tatu nayo inangoja. Mzee amesikia. Amesimama mlangoni na kikombe mkononi, ananiashiria niende, kwa hiyo acheni kwanza nikapokee simu.