Nani Aanze Kuondoa

Teksi ya abiria wengi ilipokuwa ikipita barabara ya Jules Street, Victorine, msusi wa mtaa wa Malvern, aliwasikia abiria wawili wasiojuana wakibishana nyuma yake.

"Mmarekani ndiye aliyeanza," alisema mzee mwenye sare ya ulinzi. "Aliweka makombora Uturuki, mlangoni kwa Mrusi. Mrusi akaweka ya kwake Kuba. Dunia nzima ikakaa roho mkononi."

"Ah, mchokozi ni Mrusi!" akapinga fundi nguo mwenye futi shingoni.

Victorine alishindwa kunyamaza. Arlène, msusi jirani yake, alikuwa ameleta spika ya muziki saluni kwake. Victorine akajibu kwa spika mbili, na sasa kelele zimewakimbizia wateja wote wawili. Akageuka. "Papa, nani aliondoa yake kwanza?"

"Mrusi, mbele ya watu. Mmarekani alifuata baadaye, kimyakimya."

Teksi ikasimama.

"Basi Arlène ndiye Mrusi, aanze yeye," Victorine akasema, akashuka.