Kadi ya Mechack

Katika teksi ya kutoka Dilala, mzee aliyeketi mbele yangu alikuwa akilazimisha kadi ya picha iingie kwenye ubao mkuu wa kompyuta alioupakata. Ilipokataa, akatoa tupa mfukoni.

"Tata, hapana! Utaiua!" Mama aliyekuwa kando yake, fundi wa kompyuta sokoni, alimshika mkono. "Hii carte mère ni ya zamani sana. Haiwezi kupokea ile carte."

"Mi nilikuwa ajusteur, fundi wa chuma, mama. Chuma ikikatala, unakata kidogo, inaingia."

"Hii haiko chuma, tata. Uuzishe carte, upate ordinateur, kompyuta nzima."

"Ni mutoto wangu Mechack alinunuaka hii carte, na feza ya kuchimba madini. Kisha shimo ikamufunika."

Dereva, tuliyemsihi bure njia nzima apunguze redio, sasa akaipunguza.

"Na sasa nani ataitumikisha?" mama aliuliza taratibu. Mimi nisingethubutu.

"Hakuna mutu. Mi nataka tu iwake. Alisemaka, 'Tata, siku itawaka, wa kwanza kuona ni weye.'"

Teksi ikasimama sokoni. Mama alishuka, lakini hakufunga mlango. "Usiikate, tata."

Mzee alikuwa akipuliza vumbi kwenye kadi, polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.