Mama Rola Anarudisha Sare

Leo, tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Rola anastaafu baada ya kuitumikia dobi ya hospitali yetu kwa miaka thelathini na moja. Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi wa boila, kazi ya kuandika wasifu huu. Ni kweli shule sikuimaliza, lakini nimefanya kazi melini na nimewasha boila za mataifa, na mtu aliyewasha boila za mataifa hashindwi na ukurasa mmoja.

Mama Rola aliingia hapa akiwa binti wa kukunja foronya. Akapanda hadi kwenye shuka, na kutoka kwenye shuka akakabidhiwa pasi ya rola, ile mashine ndefu inayomeza shuka imekunjamana upande huu na kuitema upande wa pili imenyooka kama karatasi. Aliitawala mpaka ikampa jina. Yeye alimwita kila mtu "mwanangu", akiwemo Katibu wa hospitali, ambaye kwa umri ni kaka yake. Siku daktari bingwa alipokuja kufoka kwamba koti lake limerudi bila kifungo, Mama Rola alimkabidhi sindano, uzi na kifungo, akamvutia stuli. Daktari alishona. Alishona vizuri, maana ni wa upasuaji.

Lakini wasifu wa Mama Rola usiotaja mguu wake ni shuka isiyo na pindo.

Enzi hizo kila mfanyakazi wa dobi alikuwa na sare moja tu. Dobi ni maji. Ikifika mchana sare imelowa chapachapa, mtu anaitupia mashineni pamoja na shuka, na wakati anaingoja anajisitiri kwa gauni la wagonjwa, lile la kufungwa kamba mgongoni. Kanuni iliyobandikwa ukutani ilisema mfanyakazi atakayekutwa nalo atafukuzwa kazi. Tuliisoma kila siku kutoka ukuta wa pili, kwa sababu gauni lile lina uwazi nyuma, na mtu mwenye heshima zake hukaa mgongo ukutani.

Siku ya ajali, toroli la shuka mbichi lilipinduka likamwangukia Mama Rola mguuni. Lilikuwa na gurudumu bovu ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliripoti mpaka akachoka. Mfupa ukavunjika. Sare yake ilikuwa ndani ya mashine, mwilini alikuwa na gauni. Wasukuma machela wawili, wageni kazini, walikuwa wanapita mlangoni wakaona mama aliyevaa kigonjwa amelala juu ya shuka anaugulia. Wakafanya kazi yao vizuri sana. Kabla hatujavuka sabuni sakafuni, walikuwa wameshampeleka wodi ya wanawake, wakamlaza kwenye kitanda kilichokuwa wazi, na faili likaandikwa kwamba mgonjwa ameanguka kitandani. Mwenye kitanda alikuwa ameenda kuoga. Alikuwa anasubiri kutolewa kidole tumbo. Mama Rola aliponea chupuchupu, kwa ukelele uliosikika mpaka kwenye boila, na kwenye boila hata radi huwa haisikiki.

Mguu ukafungwa plasta. Alipodai fidia, Katibu alimweleza kwa upole kwamba mfanyakazi akiumia kazini hulipwa fidia, lakini mgonjwa akianguka kitandani hupewa pole. Akampa pole. Mshahara ukasimama. Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi na watoto wawili wa marehemu dada yake, wote wakila kwa mguu ule.

Njia ya kuonyesha kwamba gauni halikumfanya mgonjwa ilikuwa moja, aseme kwamba dobi nzima tunavaa yale magauni. Alikataa katakata. Alimwambia Katibu kwamba ni yeye peke yake, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wake! Tulipokwenda kwake kumlaumu, alituambia tuache upuuzi. Mguu umeshavunjika mmoja, hakuna haja ya kuvunja nyumba kumi na moja.

Ikafika siku ya afisa wa fidia kuja kupaona mahali pa ajali. Katibu alituagiza tuwe nadhifu. Kwa bahati mbaya, asubuhi ile sare zetu zote zililowa. Zote. Hata ya karani wa stoo, ambaye maji huyaona kwenye glasi. Ya kwanza kulowa ilikuwa ya Mzee Sabuni, mkubwa wetu, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alijimwagia ndoo mwenyewe, bila haraka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema usufi ukilowa inakuwaje.

Afisa, mama mmoja wa miwani, akaingia na Katibu, akakuta magauni kumi na moja yamejipanga ukutani.

"Jamani, poleni. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, mama," nikamjibu. "Homa imeshuka."

Akamgeukia Katibu, akataka kujua tangu lini wagonjwa wa hospitali hii wanafulishwa shuka. Katibu akituita wagonjwa, basi anawafulisha wagonjwa. Akituita wafanyakazi, basi na Mama Rola alikuwa mfanyakazi. Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta sare.

"Ni wafanyakazi wangu," akasema mwishowe.

"Wote?"

"Wote. Na yule wa mguu."

Afisa akaandika. Kisha akaomba aonyeshwe gurudumu. Akaonyeshwa. Lilikuwa bado bovu.

Fidia ililipwa. Mguu ulipona ukabaki na kilema kidogo, hatua moja nzito, moja nyepesi, na kwa miaka yote hiyo wanaosinzia kazini wamekuwa wakipata muda wa kuamka. Hakuna aliyefukuzwa, kwa kuwa shuka hazijifui. Toroli likapata gurudumu na kila mmoja wetu akapata sare ya pili. Kanuni bado iko ukutani, ila siku hizi tunaisomea karibu.

Mama Rola, asante. Ulitaka kutubeba kumi na moja kwa mguu mmoja, nasi hatukusahau. Leo, kwa utaratibu, utarudisha sare zako mbili, na tunajua zitakuja zimenyooka. Usihofu utatoka umevaa nini. Tumekushonea gauni la kitambaa kizuri, halina namba ya wodi, na nyuma limefungwa kabisa. Nimelikagua mwenyewe.

Mungu akupe siku nyingi, na miguu ya kuzitembelea. Ukija kutuona, mwanangu, pitia mlango wa dobi. Usipitie mapokezi. Wale wasukuma machela bado wapo.