Nyumba Inauzwa, Kitovu Je?

Benchi letu liko Ilford, huku kwa Waingereza, nje ya duka la mashine za kufulia, pale ukutani panapotoka mvuke wa sabuni mchana kutwa. Ukikaa hapo jua la Oktoba likiwa limelegea, unasahau hata basi ulilokuwa unalingojea. Mie Mbarouk ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo upuuzi wote nabebeshwa mie. Kushoto kwangu hukaa Zulfikar, tunayemwita Wakili kwa sababu alipiga fotokopi miaka kumi na mmoja katika ofisi ya mawakili Stratford. Kulia ni Praful, tunayemwita Dukani kwa sababu alikuwa na duka, anayepanda treni mbili kutoka Queensbury kuja kubishana, ati kule kwao watu wana adabu mno. Siku hiyo katikati alikaa Mwadini, aliyefiwa na mkewe Sheikha, fomu magotini. Anauza nyumba ahamie kwa bintiye Leicester. Ofisi ya solisita wake, yule wakili wa kuuzia nyumba, iko ng'ambo ya barabara, inafungwa saa kumi na moja, na mnunuzi keshasema fomu aipate leo au anakwenda kununua kwengine.

MWADINI: Fomu inauliza nini kinabaki na nini naondoka nacho. Mapazia naondoka nayo. Jiko linabaki. Sasa kitovu cha Mardhiya?

Mardhiya ndiye huyo bintiye, mzaliwa wa hapahapa, mwaka themanini na sita. Kitovu chake kilipokatika kilizikwa bustanini, kama desturi yetu, ili mtoto awe na kwao.

WAKILI: Ndogo hiyo. Sheria ya Kiingereza, kilichomo ardhini ni cha ardhi. Mti, ua, msingi. Ukisaini tu, cha mnunuzi.

DUKANI: Mardhiya awe wa mnunuzi?

WAKILI: Kitovu, nimesema.

DUKANI: Mimi nimeuza duka na nyumba ya juu yake. Kitu ukiweza kukibeba, chako. Friji yangu niliibeba. Aliye juu mngoje chini.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? nikamuuliza.

DUKANI: Mimi nilikuwa juu. Mnunuzi alingoja chini mpaka friji ikashuka.

WAKILI: Basi aandike, "isipokuwa kitovu kimoja". Kabla ya kubadilishana mikataba andika utakalo. Baada ya hapo, hata ukilia.

DUKANI: Na wakimuuliza kitovu ni nini? Ni sehemu ya mtu. Sehemu ya mtu ardhini ni kaburi. Watataka kibali cha kufukua, waje na polisi na hema jeupe la kuzibia macho ya watu.

WAKILI: Wewe unaona kaburi, mie namwona mkaazi. Miaka thelathini na nane kimo mle, hakijafukuzwa na mtu. Hapa ukikaa kwenye ardhi miaka kumi na mbili bila ya kuulizwa, unaidai. Kwa hiyo bustani si ya Mwadini tena, ni ya kitovu. Nacho kisaini.

DUKANI: Kisaini kwa mkono gani?

WAKILI: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mvuke ukatufunika sote wanne, nyuso zikapotea, na wallahi nikakiona kitovu kimevaa koti, kinapanda taratibu ngazi za solisita. Mvuke ulipopita, Mwadini alikuwa hacheki.

MWADINI: Changu kiko Malindi, Unguja, uani kwa baba. Baada ya Mapinduzi nyumba ikachukuliwa, tukatoka na nguo za mwilini. Tangu hapo kila ninapokaa naona nimekaa kwa mtu. Mardhiya hana hilo. Hata akiwa Leicester, ukimuuliza kwao wapi anasema Ilford, wala hafikiri. Nikiuza nacho kimo ndani, nimemfanya kama mie, na safari hii mwenye kutia saini ni mimi. Siku ya tatu leo namwota Sheikha yuko bustanini, kachutama, kanipa mgongo. Naogopa, Mbarouk.

Nikamshika bega. Nikammiminia kahawa iliyobaki, nusu kikombe.

WAKILI: Chungu.

DUKANI: Chungu nini?

WAKILI: Chungu cha maua si ardhi, kinahama na mwenyewe. Tukakichimbue sasa hivi, na udongo wake, tukitie chunguni. Fomu ataandika, "chungu kimoja, naondoka nacho". Anasaini, na kitovu kinakwenda Leicester.

Miaka yote ya benchi hili, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana. Mwadini alisimama, uso umemfunguka, akaniomba kalamu.

Mlango wa duka ukafunguliwa, akatoka kijana wa Kisikh na mfuko wa nguo. Jina lake Harjit, fundi ujenzi, mzaliwa wa Nakuru. Alikuwa ametusikia muda wote.

— Shikamooni, wazee. Mimi niko na jembe kwa gari, hapo tu. Nitawachimbia. Nichimbe wapi?

Mwadini alifungua mdomo. Akamtazama Wakili, akanitazama mimi.

— Sheikha ndiye aliyekizika, akasema. Mie nilikuwa zamu, kazi yangu ya stesheni. Niliporudi akaniambia kimeshapata pahala pake. Nikala, nikalala. Sikumuuliza wapi.

Harjit alingoja. Wakili akainamia kikombe chake. Ng'ambo ya barabara msichana wa solisita alikuja mlangoni akageuza kibao cha kufunga, kisha akazima taa, na hakuna kati yetu aliyemtajia Mwadini saa.