Kiti cha Mbele kwenye Mkutano wa Otomine

Kinue: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Teruo: Mimi, Mama Sachi! Niko huku huku ukumbini. Kaa chini kwanza. Hili ninalokwambia hutaliamini.

Kinue: Mbona unahema? Mkutano wa wenye hisa umeisha?

Teruo: Bado. Baba yako kaja.

Kinue: Baba? Si alishastaafu—

Teruo: Ana hisa moja! Kasimama katikati ya watu na lile koti lake la karakana. Kasema, "Otomine tuliianza watu wawili, mwaka wa hamsini na mbili, kwenye banda la kuku pale Kamata! Amplifaya ya kwanza nimeiunda mimi, kwa valvu za redio za jeshi! Leo mnauza jina letu likabandikwe kwenye viredio vya plastiki?"

Kinue: [anacheka] Huyo ndiye baba! Wakasemaje?

Teruo: [laini inakwaruza]

Kinue: Haloo? Nakusikia kwa mbali—

Teruo: Kampuni ilikodi wahuni. Wale wa suti. Wakamkwida, akang'ang'ania kiti. Mmoja akanyakua kisahani cha majivu, kile kizito cha kioo—

Kinue: Teruo.

Teruo: —akampiga nacho sikioni. Mara mbili! Kaanguka, wakamkanyaga vidole, wakamburuta mpaka nje.

Kinue: Sikio lipi?

Teruo: La kulia. Lile analosikilizia spika akizipima. Damu inatoka ndani kabisa. Nimemwita toka mlangoni, hageuki.

Kinue: Wewe ulikuwa umekaa wapi?

Teruo: Mbele. Wafanyakazi wote tumewekwa mbele. Siku tatu tumefanyishwa mazoezi kantini.

Kinue: Mazoezi ya nini?

Teruo: Mtu akiuliza swali, tupige kelele, "Hakuna pingamizi!"

Kinue: Kwa hiyo baba alipokuwa anapigwa...

Teruo: Ngoja, natia sarafu nyingine kwenye simu.

Kinue: Ulipiga kelele, Baba Sachi?

Teruo: Wote tulipiga! Meneja alinikazia macho mimi, anajua ni mkwe wa—

Kinue: Baba yuko na nani sasa hivi?

Teruo: Yuko kwenye ngazi, nje. Namwona kupitia kioo.

Kinue: Unamwona.

Teruo: Wananiita, kura ya kuuza jina inaanza! Nisiporudi, kazi sina, na nyumba ya kampuni tunafukuzwa—

Kinue: Natafuta teksi.

Teruo: Ngoja! Sarafu bado ninazo! Ungekuwa wewe, kwenye kile kiti, ungefanyaje? Haloo? Mama Sachi? Ungefanyaje?