Fikirini Songoro na Maji ya Chini ya Tangi

Leo Jumamosi, tarehe 28 Desemba 1957, Bwana Fikirini Songoro anavua ovaroli ya bohari yetu ya mafuta hapa Moshi, baada ya miaka ishirini na saba na miezi tisa. Alianza Machi 1930 akipakua madebe karibu na stesheni, na miaka minne baadaye alikuwa msimamizi wa matangi.

Wenzake wanaijua pua yake. Ungemfunga kitambaa machoni, angekutajia debe la petroli, la mafuta ya taa, na lile lililowahi kubeba asali. Wanajua pia alivyomchomoa Mzungu mkaguzi kiko cha tumbaku kinachowaka mdomoni pale langoni, akamrudishia kwa adabu wakati wa kutoka. Mkaguzi alituma barua ya kumsifu.

Lakini siwezi kuandika habari zake nikauruka mwaka 1949.

Mafuta yakikaa tangini, maji yaliyochanganyika nayo hushuka chini. Kila Jumamosi Bwana Fikirini alifungua koki ya chini, akayaacha yatoke mpaka aone mafuta, kisha akafunga. Maji hayo yalifuata mfereji hadi kijito cha nyuma ya bohari. Mfereji huo niliuchimba mimi. Yalikuwa maangavu kama maji mengine, wala hakuna aliyeyajali.

Mwaka ule mvua zilikosekana, kijito kikawa chembamba. Jumatatu moja Mama Salvina, anayelima magimbi bondeni, alifika langoni na beseni kichwani, akalitua mbele ya Bwana Fikirini. Ndani mlikuwa na samaki wadogo na vyura, wote wamekufa.

“Baba, nusa,” alisema. “Mbuzi wangu wawili walikunywa hapo. Nao wamekufa.”

Alinusa. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikaa juu ya debe, akaniambia kwa sauti ndogo, “Elifuraha, hii ni harufu ya tangi namba mbili. Ni mkono wangu.”

Tulikwenda kijitoni. Kabla ya pale mfereji wetu ulipoingia kulikuwa na viluwiluwi, kereng’ende na majani mabichi. Chini ya hapo mawe yalikuwa na utando, na tulitembea nusu saa bila kuona kiumbe hai. Ule mfereji niliuona mzima machoni mwangu, tangu jembe la kwanza.

Meneja wetu, Bwana Ramnik, hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba maji si mafuta, na koki isipofunguliwa petroli itaharibika. Bwana Fikirini hakubishana. Alileta ndoo mbili, moja ya maji ya juu ya kijito, nyingine ya maji ya koki, akatia samaki hai watano kila moja. Chai ya meneja haijapoa, samaki wa ndoo ya pili walikuwa wamegeuka matumbo juu. Bwana Ramnik aliweka kikombe chini bila kunywa.

“Wanangu wanacheza kwenye kijito hicho,” alisema.

“Basi koki siigusi tena,” Bwana Fikirini alijibu, “mpaka maji haya yapate pa kwenda.”

Wakubwa wa Dar es Salaam walimsimamisha kazi. Alikaa nyumbani Majengo wiki sita, mkewe Mwantum akikaanga vitumbua vya kuuza, huku Bwana Ramnik akiwaandikia barua kila wiki kumtetea. Wiki ya saba ruhusa ilikuja: lichimbwe shimo la saruji, maji yatuame humo na kukaushwa na jua. Mfereji niliuziba mwenyewe.

Bwana Fikirini alimpelekea Mama Salvina mbuzi jike wawili, akamwomba radhi. Vyura walirudi baada ya masika mawili. Samaki hawajarudi mpaka leo. Kila anaposifiwa kwa shimo lile, hujibu kwamba kabla yake alifungua koki miaka kumi na mitano.

Tulimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, tukitarajia ataje saa ya ukutani. Akaomba shimo lisafishwe kila mwaka kabla ya masika, hata yeye asipokuwepo kutukumbusha. Tumekubali, na kazi ya mwaka ujao nimeiomba mimi.

Ahsante, Bwana Fikirini. Mungu akujalie afya na siku nyingi za kupumzika wewe na Mama Mwantum.

Elifuraha, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako