Hakungoja Kipimo cha Pili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo nina mzigo moyoni, na siwezi kuubeba peke yangu. Tunamkumbuka mtaalamu wa maabara aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Kazini walimwita Mama Mbuzi. Naye aliitika, tena kwa kicheko.

Jina hilo halikuja hivi hivi. Kwa miaka kumi na tisa alitunza mbuzi kumi na wawili wasiochanjwa, kwenye zizi la waya kando ya bwawa. Kazi ya mbuzi hao ilikuwa moja tu: kuumwa na mbu. Kila baada ya wiki mbili aliwatoa damu shingoni, akaipima. Alikuwa akitafuta homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ile inayofanya mifugo kutupa mimba, kisha ikampata na mtu anayeshika damu yao. Ikionekana kwenye damu ya mbuzi wale, basi imeshaingia. "Hawa ni watumishi wa umma," aliwaambia wageni. "Mshahara wao majani, na hawajagoma hata siku moja!"

Sasa shikeni hili, maana ndilo lililomtesa. Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza alikifanya mwenyewe, kwenye chumba chenye meza moja na jokofu linalonguruma. Cha pili kilifanywa maabara kuu, na majibu yalichukua siku tatu. Kanuni ilisema: kabla ya kipimo cha pili, mdomo ufungwe. Ukitangaza kwa makosa, minada inafungwa na watu wanakosa chakula. Kanuni ina maana yake, siibezi.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya mvua kubwa, kipimo cha kwanza kilionyesha ugonjwa. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne, mdogo wake wa kiume akampigia simu. Huyu ni kitinda mimba wao, mfugaji. Mama yao alipofariki, Mama Mbuzi ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea. Wakataniana weee. Dada mtu akauliza, "Na mifugo?" Akajibiwa, "Wazima, dada, hofu ni kwako tu." Akacheka. Habari ya kipimo hakuitaja.

Jumatano mbuzi wa mdogo wake akatupa mimba. Mdogo mtu akamsaidia mbuzi huyo kwa mikono mitupu, kama alivyofanya maisha yake yote. Alhamisi majibu ya pili yakaja: ugonjwa upo. Mama Mbuzi akampigia mdogo wake simu papo hapo. Alikuwa amechelewa siku moja. Siku moja tu, wasikilizaji! Homa ile ilimwachia mdogo wake uhai, ikachukua macho. Yote mawili.

"Hakujisamehe," anasema mdogo wake. "Namwambia, dada, yamepita. Analia mpaka mimi kipofu ndiye ninayembembeleza."

Tangu hapo hakungoja tena. Kipimo cha kwanza kikionyesha kitu, alituma sampuli, akafunga mlango, akaenda nyumba kwa nyumba. Mkuu wake alifoka mpaka sauti ikamkauka. "Ukikosea, mama, soko litafungwa!" Naye alikuwa na kichwa kigumu. "Soko sijaligusa, bosi. Nakwenda kuwaambia watu wavae glavu." Mara mbili alipatia, na katika nyumba alizofika hakuna aliyeugua. Mara nne alionya, kumbe hamna kitu. Watu wakamcheka. Akacheka nao.

Wiki tatu zilizopita, Ijumaa asubuhi, kipimo cha kwanza kikaonyesha tena. Mvua ilikuwa imeangusha mnara wa simu. Dereva wa pikipiki alimfikisha mtoni, akakataa kwenda mbele. "Mama, haya maji hayana adabu." Mama Mbuzi akavua viatu, akavuka kwa miguu.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto anasimulia: "Hakukaa hata kitako. Alisema, sina uhakika, jamani, sina uhakika hata kidogo. Ila mbuzi akitupa mimba, msimshike mikono mitupu. Maziwa chemsheni. Tukamsihi angoje maji yapungue. Akasema upande wa pili kuna nyumba bado hazijaambiwa."

Dereva alikuwa akimsubiri. Alimwona akiingia mtoni, viatu mkononi. Hakumwona akitoka.

Mwili ulipatikana, akazikwa Jumatatu. Kesho yake mkuu wake akafika msibani na karatasi, macho mekundu. Yalikuwa majibu ya kipimo cha pili. Hakukuwa na ugonjwa. Narudia, wasikilizaji: safari hii hakukuwa na ugonjwa. Shangazi yake akapiga ukelele. "Kwa hiyo mwanangu kafa bure?"

Mdogo wake ndiye aliyejibu. "Shangazi, usiseme bure. Siku ile mimi ningepata onyo la bure kama hili, jana kaburi la dada nisingelipapasa. Ningeliona."

Kwako wewe mdogo mtu, kwako shangazi, na kwa wenzake wa maabara, poleni sana. Sina dawa ya uchungu huo, nalia nanyi tu. Na wewe unayenisikiliza, tafakari. Huenda kuna jambo la hatari unalijua nusu, na ndugu yako halijui kabisa. Mwambie kwamba huna uhakika. Lakini mwambie leo.